Papa au taa? Mgeuze kwanza

Wiki tatu nzima nilikaa pale dikoni, wanaposhushia samaki, na daftari langu naandika papa, papa, papa, kila nikirudi nyumbani najiona mtaalamu, mpaka asubuhi moja mzee mmoja wa jarife, ule wavu wa papa, akanitazama naandika, akacheka, akaniambia "mwanangu, hebu mgeuze huyo". Nikamgeuza. Urefu wake kama wangu, mapezi mawili yamesimama mgongoni, mkia wa papa, ukimtazama kwa juu ni papa mtupu, ila matamvua yote yako chini, upande wa tumbo. "Huyo taa", mzee akasema, akaenda zake kunywa kahawa. Nilikaa nikaanza kufuta na penseli.

Basi haya maelekezo ni kwa yeyote anayetaka kuwahesabu au hata kuwaelewa tu papa na taa (ndugu zao, wengi wao bapa) wanaoshushwa kwetu huku pwani, uwe mwanafunzi wa uvuvi, mjumbe wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi ufukweni), mvuvi mwenyewe, au umepita tu soko la Feri kununua samaki ukajiuliza huyu mwenye kichwa kama nyundo ni nani. Kuzamia hakuna. Kazi kubwa ni kuamka mapema na kuwa na adabu.

Kabla hujashika samaki wa mtu

Fika kabla ya mnada. Mnada ukianza hakuna mtu ana muda na wewe, dalali anapiga kelele, wachuuzi wanasukumana, na ukimsimamia mtu mbele ya samaki wake na tepu yako utaambiwa maneno. Salimia, jitambulishe, sema unafanya nini, omba kwa nahodha, maana samaki mpaka auzwe ni wa chombo chake. Siku mbili tatu za kwanza usiandike kitu, kaa tu, kunywa kahawa, saidia kuvuta chombo. Watu wa diko wakiona mtu na daftari wanajua ni wa ushuru, na wakishajua hivyo papa watakuwa wanashushwa sehemu nyingine kabisa wewe unahesabu dagaa.

Vitu vya kubeba ni vichache: tepu ya plastiki (ile ya chuma inaota kutu wiki moja tu), penseli na siyo biro maana karatasi italowa, simu kwenye mfuko wa plastiki, na kibao cheupe cha kuandika namba uweke pembeni ya samaki ukipiga picha. Nguo za kwenda msikitini acha nyumbani, harufu ya papa haitoki.

Na hiyo harufu yenyewe ni somo. Papa na taa damu na nyama zao zina urea nyingi, ndiyo inayowafanya wasikaushwe na chumvi ya bahari, sasa akishakufa akakaa juani ile urea inageuka amonia, ndo maana papa aliyelala ananuka kama choo cha stendi. Mama zetu wanajua hilo bila kemia: papa anachinjwa damu itoke mapema, anaoshwa sana, analowekwa ndimu. Ukiona papa ananuka mkojo saa moja asubuhi ujue huyo hakuvuliwa usiku wa kuamkia leo, wavu ulilala majini au chombo kilichelewa, andika pia hiyo.

Haya, mgeuze

Hii ndo hatua mama. Papa matamvua yake yako ubavuni, matano kwa kawaida, unayaona akiwa amelala kifudifudi. Taa matamvua yako chini. Umeishamaliza. Umbo lisikudanganye, wala mkia, wala jina analoitwa pale dikoni, kwa sababu wapo taa wenye mwili wa papa, wale wa pua iliyochongoka kama mkuki na mgongo wenye vidoti, wanafika mita mbili na zaidi, mapezi yao makubwa meupe ndo yanayotafutwa kuliko ya papa wengi, na karibu kila diko wanauzwa kwa jina la papa. Ndio walionidanganya mimi. Na hao ndo wako kwenye hali mbaya kuliko karibu samaki wote wa bahari, sasa ukiwaandika "papa" umewapoteza kwenye hesabu.

Papa upanga, wengine wanamwita papa msumeno, naye ni taa. Nitarudi kwake.

Ukiwa umeinama hapo hapo angalia vitu viwili vya kukufurahisha tu. Kwanza ngozi: pitisha kiganja kutoka kichwani kwenda mkiani, laini, rudisha kinyume, msasa. Hayo siyo magamba kama ya changu, ni vijino vidogo vidogo, kweli kabisa vimejengwa kama meno. Pili pua: utaona vitundu vyeusi kama mtu amechoma na sindano, ukibonyeza kinatoka kimaji kizito kama jeli. Kwa vitundu hivyo ananusa umeme, siyo kunusa harufu, umeme, ule mdogo sana unaotoka kwenye mwili wa samaki aliyejifukia mchangani akidhani hajaonekana. Na kuna taa wenyewe wanaotoa umeme wa kukurusha mkono, taa wa umeme, utani unajitunga wenyewe ila ukimkanyaga hucheki.

Kingine, ukikata huwezi kukuta mfupa. Ni gegedu tupu, kama ya sikio lako. Wala hana kile kifuko cha hewa cha samaki wengine, anaelea kwa ini, ini kubwa limejaa mafuta, ndiyo ile sifa, mafuta ya papa, ambayo wazee walikuwa wanapaka vyombo mbao zisiliwe. Kumbuka hili la gegedu, litarudi tukifika kwenye kumwachia akiwa hai.

Papa gani sasa

Usijaribu kujua wote. Duniani wako zaidi ya aina 1,100 za papa na taa na hata waliosomea wanabishana wakimwona papa wa kijivu. Anza na wasiochanganyika.

Pingusi, yule wa kichwa kama nyundo, hamkosei mtu. Ila pingusi wako zaidi ya mmoja: angalia ukingo wa mbele wa hicho kichwa, ukiwa na kibonde katikati na mawimbi mawimbi huyo ndo yule anayekuja kwa wingi hata wadogo, ukiwa umenyooka karibu kama rula na pezi la mgongoni refu limesimama kama tanga, huyo ni pingusi mkubwa, anafika mita nne na kuendelea. Yule mwenye mkia mrefu sawa na mwili mzima, anaoutumia kama mjeledi kuwachapa samaki wadogo, nchi zinazovua jodari Bahari ya Hindi zilishakubaliana 2010 kwamba vyombo vyao visimweke, wamwachie. Potwe hakuna haja ya kumweleza, madoa meupe, mdomo kama mlango, Wakenya wanamwita papa shilingi kwa ajili ya hayo madoa. Na kuna yule mwenye vidoti kama chui na mkia mrefu sana, huyu akiwa mdogo ana mistari kama punda milia, mpaka watu wanaandika aina mbili kumbe mtoto na mzazi.

Wengine wote wa kijivu piga picha: moja ubavuni mzima mzima, moja tumbo, moja kichwa kwa chini mdomo uonekane, moja meno. Mapezi kama yana ncha nyeusi au nyeupe, picha ya karibu. Na andika jina analoitwa pale pale, kama lilivyotamkwa, usilisahihishe. Nyenga wa Tanga siyo lazima awe nyenga wa Lamu, majina yanabadilika kila ukivuka mkono wa bahari, lakini mvuvi mwenye majina sita ya papa ana sababu ya kuwa na majina sita.

Kupima: papa, kutoka ncha ya pua mpaka ncha ya mkia, tepu inyooke pembeni yake, isipande juu ya tumbo, ukiipandisha unaongeza sentimita za bure. Taa wa mabawa usipime urefu, mikia yao imekatwa au imeliwa, pima upana, kutoka ncha ya bawa mpaka ncha ya bawa.

Dume, jike, na tumbo lina nini

Hapa ndo nataka ukae. Ukimgeuza angalia kwenye mapezi ya nyuma chini. Dume ana vitu viwili kama vidole vinaning'inia. Jike hana. Hiyo mtoto wa darasa la pili anaweza. Lakini shika hivyo vidole: vikiwa vifupi na laini, vinakunjika kama mpira, huyo bado mtoto hajawahi kuzaa kitu, vikiwa virefu na vigumu kama vina fimbo ndani, huyo mtu mzima. Kwa sekunde tano umejua kitu ambacho kwa samaki wengine ungehitaji kumpasua.

Nilipoanza kuandika hiyo safu ndo daftari likaanza kuniogopesha, maana ukurasa baada ya ukurasa ni laini, laini, laini. Tulikuwa tunashusha watoto.

Na jike akipasuliwa simama karibu. Samaki kama nguru anamwaga mayai kwa malaki, mengi yanaliwa, machache yanatosha, msimu unaofuata wapo. Papa siyo hivyo. Papa wengi wanabeba mimba, wengine na kitovu kabisa kama mbuzi. Pingusi yule wa mawimbi anakaa na mimba miezi 9 hadi 12 anazaa kati ya 12 na 41, na huyo ndo mwenye bahati ya watoto wengi. Taa wa vidoti vyeupe anazaa mmoja mpaka wanne. Manta, yule taa mkubwa wa pembe mdomoni, anabeba mwaka na zaidi, anatoa kitoto kimoja, halafu anaweza kupumzika miaka kadhaa kabla ya kingine. Wachache wanataga, yule wa madoa ya chui mmojawapo, mayai yake ni kama vipochi vya ngozi vya kahawia, ukivikuta vimetupwa na maji ufukweni usidhani ni takataka ya plastiki. Potwe kila mtu alikuwa hajui anazaaje mpaka 1995 kule Taiwan alipopasuliwa jike mmoja akakutwa na vitoto karibu 300, na vikubwa vilishatoka kwenye maganda yao humo humo tumboni.

Nimewahi kukuta kwenye ngama ya mashua vitoto saba vya taa, kila kimoja kama kiganja, vimelala kwenye maji machafu na vipande vya barafu, nahodha akasema kavikuta tu, hakuna jike aliyepasuliwa. Hakudanganya. Papa na taa wenye mimba wakinaswa wanaharibu, mshtuko tu unatosha, wanazitoa kabla ya wakati. Kwa hiyo hata aliyeachiwa akaondoka hai anaweza kuwa ameshapoteza. Andika vitoto vilivyokutwa, idadi, na kama vilikuwa na kile kifuko cha kiini bado.

Ndo maana hesabu za dunia ziko zilivyo: papa na taa wa bahari kuu wamepungua kama asilimia 71 toka 1970, na zaidi ya theluthi ya aina zote ziko hatarini kutoweka. Ukiwa dikoni huoni hilo kwa macho kwa sababu kila siku kuna papa. Unaliona kwenye safu ya sentimita.

Akiwa bado hai wavuni

Hii kwa wenzangu mnaotoka. Yule wa gegedu hana mbavu za kumlinda tumbo, ukimning'iniza kwa mkia uzito wake mwenyewe unamchana ndani, anaondoka anaogelea vizuri anaenda kufa mbali. Usimshike mkia peke yake, usiingize vidole kwenye matamvua, na manta usimbebe kwa zile pembe za mdomoni wala kumchoma kulabu. Mdogo mbebe mikono miwili, mmoja chini ya tumbo mmoja karibu na mkia, mkubwa mwache majini ukate wavu. Ndio, kukata wavu kunauma, najua bei ya jarife. Ndoana ikiwa imeingia ndani usiivute, kata kamba karibu kabisa na mdomo. Kama amechoka mshikilie pembeni ya chombo kichwa kikitazama mkondo, maji yapite kwenye matamvua, utamsikia mwenyewe anapoanza kukaza mwili, mwache.

Jarife linalolala usiku kucha wengi wanakuwa wameshakufa, hilo tuseme ukweli, wavu hauchagui. Ndo majarife hayo hayo ya papa, ya maji marefu, yaliyoanza kuleta silikanti Tanga miaka ya mwanzo ya 2000, samaki ambaye dunia ilimdhania alitoweka na madinosaria, baadaye ikawekwa hifadhi ya bahari kule. Ukivuta wavu mapema, wengi unawakuta na roho.

Mwiba wa nyenga (hapa nasema taa mwenye mwiba): uko juu ya mkia, una meno ya kurudi nyuma na sumu. Ukitembea maji ya goti usinyanyue miguu, ikokote, atakusikia ataondoka mwenyewe. Ukichomwa mguuni au mkononi, osha, kisha loweka kwenye maji ya moto, yale unayoweza kuvumilia, kama nyuzi 45, jaribu kwanza kwa mkono ambao hauna jeraha maana wenye maumivu hautajua unaungua, kaa humo nusu saa hadi saa moja na nusu, sumu yake inaharibika kwa joto. Halafu hospitali, kipande cha mwiba kinabaki ndani na kuna pepopunda. Ukichomwa kifua, shingo au tumbo usiung'oe mwiba hata kidogo, nenda nao hivyo hivyo. Mkojo, mafuta ya taa na majani ya shangazi waachie wenyewe.

Mambo ya vibali kidogo

Sitakaa sana. Mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, haukukatazi kula mchuzi wa papa nyumbani kwako, unahusu kuvusha mpaka: mapezi, nyama kavu, mafuta. Potwe aliingizwa 2002, papa upanga 2007, pingusi wakubwa na manta 2013, wale taa wa pua ya mkuki 2019, na mwaka 2022 kwenye mkutano wa Panama ikaingia familia nzima ya papa wa kijivu, kwa hiyo siku hizi mapezi karibu yote sokoni yanadai karatasi. Sheria za ndani muulize afisa uvuvi wa wilaya na mwombe akuonyeshe kwa maandishi. Na kwa ajili ya meza: papa mkubwa amejaza zebaki ya miaka yote aliyoishi, mama mjamzito na mtoto mdogo wasimfanye kitoweo cha kila wiki, hata kama ng'onda ni tamu na mimi mwenyewe siwezi kuikataa na nazi nzito.

Potwe wa Mafia na wazee wa upanga

Ukitaka kumuona mmoja akiwa anaogelea badala ya kulala kwenye saruji, nenda Kilindoni, Mafia, Oktoba hadi Machi ndo wako karibu na ufukwe wanafuata vidagaa na uduvi. Wengi ni madume ambao hawajakomaa, na vile vyombo vidogo vya kutoa sauti walivyofungwa ili wafuatiliwe vimeonyesha hawaendi mbali sana, msimu ukiisha wanashuka maji marefu kidogo tu. Ingia majini taratibu, kaa mita tatu au zaidi, usimguse, usimkate mbele, kaa mbali na mkia. Picha inayofaa ni ya ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua mpaka usawa wa pezi: madoa ya hapo kila potwe ana yake, kama alama ya kidole, na kompyuta inayalinganisha kwa hesabu zilizotungwa kwa ajili ya ramani za nyota. Selfi yako na kichwa chake haisaidii mtu.

Kazi ya mwisho haihitaji samaki. Papa upanga, vijana wengi hawajamuona kabisa, ule msumeno wenye meno pembeni unanasa kwenye kila wavu, akishanasa hatoki. Kwa hiyo unahesabu kumbukumbu. Nenda kwa wazee na usiwaulize "mwaka gani", hawatakujibu au watakupa mwaka wa kukuridhisha. Uliza kwa matukio: kabla au baada ya mvua za El Niño, yaani 97 kwenda 98? Nyerere alikuwa hai? Kabla ya ile tsunami? Ulikuwa umeshaoa? Chombo cha nani? Kusi au kaskazi? Unapata mwaka, msimu na sehemu bila kumlazimisha.

Yule yule mzee wa jarife nilimuuliza hivyo. Akafikiri sana. Akasema wa mwisho ilikuwa kabla ya mvua zile, kaskazi, mdomoni mwa mto, na chombo cha marehemu kaka yake. Akaingia ndani akatoka na msumeno umefunikwa vumbi, meno matatu hayapo, nikapima: sentimita 94. Akaniambia niandike na hayo meno matatu, yaling'olewa na wajukuu.